Eda na Huzuni: Walivyoishi Wajane na Waliotalikiwa katika Zama za Mtume (s.a.w.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, inapotajwa eda, maswali yanayoulizwa misikitini na madrasani karibu yote ni ya hesabu na ya makatazo. Ni siku ngapi? Anaruhusiwa kutoka? Anaruhusiwa kupaka wanja? Haya ni maswali ya haki na fiqhi imeyajibu. Lakini liko swali jingine ambalo haliulizwi sana, nalo ni hili: yule mwanamke aliye ndani ya eda, na yule mwanamume aliyeachwa peke yake, moyo wake unakwendaje? Na je, Sheria ilipokuwa ikiteremka mjini Madina ilikuwa inauona moyo huo, au ilihesabu siku tu?

Katika makala haya tutarudi kwenye visa vya watu wenyewe ambao kwa sababu yao hukumu hizi zilijulikana. Tutaona, in shaa Allah, kwamba Sheria iliuwekea mpaka mwili, mavazi na nyumba, lakini haikuupangia moyo tarehe ya kumaliza huzuni yake. Na pale watu walipotaka kuongeza mpaka wao juu ya mpaka wa Mwenyezi Mungu, ama kwa kumfungia mwenye msiba au kwa kumharakisha, walirudishwa.

Kibanda cha mwaka mmoja

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya Uislamu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Zaynab binti Abi Salama, kwamba katika zama za ujahilia mwanamke akifiwa na mumewe aliingia katika kibanda kidogo, akavaa nguo zake mbovu kabisa, asiguse manukato wala kitu chochote cha usafi mpaka upite mwaka mzima. Ukiisha mwaka aliletewa mnyama, punda au mbuzi au ndege, akajipangusa kwake. Kisha alitoka, akapewa kinyesi akakitupa, na hapo ndipo aliporuhusiwa kurudia manukato na mengineyo.

Tuzingatie maana ya ada hii. Mjane alifanywa kuwa kitu cha kuogopwa, kana kwamba mauti yamemganda mwilini na lazima ayatue juu ya mnyama kabla ya kurudi kwa watu. Huzuni yake haikuwa yake tena, bali ilikuwa adhabu aliyopangiwa na jamaa.

Uislamu ulikuja ukaifuta ada hiyo. Mjane akawekewa miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 234. Katika muda huo huacha mapambo, manukato na ndoa. Hakukatazwa kuoga, kujisafisha, kula chakula kizuri wala kuongea na watu wake. Mama mmoja alipomwendea Mtume (s.a.w.) kumwombea ruhusa ya wanja binti yake aliyefiwa na mume na ambaye jicho lilikuwa likimuuma, Mtume alimkatalia, kisha akamkumbusha kuwa muda wenyewe sasa ni miezi minne na siku kumi tu, ilhali zamani walikaa mwaka mzima. Mpaka ulikuwapo, lakini ulikuwa umefupishwa na kutakaswa.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna la kujifunza hapa katika lugha yetu wenyewe. Mwanamke aliye katika eda ya kufiwa tunamwita kizuka, na neno hilohilo ni jina la kitu cha kutisha kinachowatokea watu. Sisemi kuwa kila anayelitamka ana nia mbaya. Lakini tujiulize, tunapomwogopa kizuka, tunapowaficha watoto wasimkaribie, tunapomkataza hata kuongea kwa sauti, tunafuata Madina au tunarudi kwenye kile kibanda?

Kisa cha Bibi Umm Salama

Hakuna aliyetuachia habari za ujane kuliko Bibi Umm Salama (r.a.), jina lake Hind binti Abi Umayya wa ukoo wa Makhzum. Yeye na mumewe Abu Salama walihajiri Uhabeshi pamoja. Walipotaka kuhamia Madina, jamaa zake walimzuia asiende na mumewe, na jamaa za mumewe wakamnyang'anya mtoto. Akabaki Makka karibu mwaka mmoja, akitoka kila siku kwenda mahali paitwapo Abtah kukaa na kulia, mpaka walipomhurumia wakamrudishia mtoto wake na kumwacha aende. Kwa hiyo ndoa hii ilikuwa imepita katika mitihani mingi kabla ya mauti.

Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria (625). Jeraha likafunga kisha likafumuka tena, naye akafariki mwaka wa 4. Mtume (s.a.w.) aliingia, akamfumba macho na kumwombea dua.

Umm Salama anasimulia mwenyewe, kama alivyopokea Imam Muslim, kwamba aliazimia kumlilia mumewe kilio ambacho watu wangekizungumza, kwa kuwa yeye ni mgeni katika nchi ya ugeni. Mwanamke mmoja alikuwa akija kutoka viunga vya juu vya Madina ili amsaidie kuomboleza. Mtume (s.a.w.) akakutana naye njiani, akamuuliza kama anataka kumwingiza shetani katika nyumba ambayo Mwenyezi Mungu amemtoa. Umm Salama akaacha kilio kile.

Wako wanaosoma kisa hiki wakafahamu kuwa machozi yamekatazwa. Sivyo. Kilichozuiwa ni maombolezo ya kupangwa, ya kukodisha sauti za watu. Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Umm Salama aliacha kilio cha kuonyesha watu, na huzuni yake akabaki nayo.

Na ushahidi kuwa alibaki nayo ni maneno yake mwenyewe. Alikuwa amefundishwa kuwa anayepatwa na msiba aseme kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha aombe alipwe kwa msiba wake na apewe badala iliyo bora. Anasema kuwa aliposikia moyoni mwake sehemu ya mwisho ya dua hiyo, alijiuliza: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Kisha akaiomba pamoja na hivyo. Tazama ukweli wa bibi huyu. Hakujifanya kuwa na yakini asiyokuwa nayo. Alitamka dua huku moyo wake haujakubali kuwa anaweza kupatikana wa kushika nafasi ya marehemu, na hakuna aliyemwambia kuwa kwa shaka hiyo subira yake imeharibika.

Eda ilipokwisha, Abu Bakr (r.a.) alimposa, naye hakukubali. Kisha Mtume (s.a.w.) akapeleka posa. Mjane huyu hakujibu kwa haraka hata kwa mposaji wa daraja hiyo. Alitaja udhuru: kwamba ana wivu mwingi, kwamba umri wake umekwenda, na kwamba ana watoto. Mtume alimjibu kila jambo kwa mahali pake. Wivu atamwombea Mwenyezi Mungu auondoe, umri hata yeye unao, na watoto ni wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Ndipo wakaoana, mwaka uleule wa 4. Binti yake Zaynab alikuwa bado ananyonya. Mtoto huyo aliyekua bila baba ndiye yule Zaynab binti Abi Salama tuliyemtaja mwanzo, aliyetupokelea hadithi za eda na maombolezo.

Wajane wa Uhud na upweke wa usiku

Katika Uhud waliuawa Waislamu wapatao 70. Katika mji mdogo kama Madina ya siku zile, huo ulikuwa msiba wa mitaa mizima. Mujahid, mwanachuoni wa Tabiina, amepokea kwamba wake wa waliouawa walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamweleza kuwa wanapata upweke wakati wa usiku, wakauliza kama wanaweza kulala pamoja kwa mmoja wao. Akawaruhusu wakusanyike na kuzungumza kwa mmoja wao kadiri wapendavyo, na wanapotaka kulala kila mmoja arudi nyumbani kwake. Habari hii ni mursal, yaani Mujahid hakumtaja Swahaba aliyeisikia kwake, hata hivyo mafakihi wameitumia wanapozungumzia kutoka kwa mjane.

Hapa hakuna aliyeuliza juu ya wanja wala nguo. Waliuliza juu ya upweke, nao ukahesabiwa kuwa ni haja inayostahiki jibu. Jibu lenyewe lilihifadhi mambo mawili kwa pamoja: nyumba ya marehemu haikuachwa tupu usiku, na mjane hakuachwa peke yake na giza kabla ya usingizi kumjia.

Juu ya nyumba yenyewe kuna kisa cha Furay'a binti Malik, dada yake Abu Said al-Khudri. Mumewe alitoka kuwafuata watumwa wake waliotoroka, wakamuua karibu na Madina. Furay'a aliomba arudi kwa jamaa zake, kwa kuwa mumewe hakumwachia nyumba anayoimiliki wala matumizi. Mtume (s.a.w.) alimruhusu, kisha kabla hajafika mbali akamwita tena, akamtaka arudie maelezo yake, na akamwambia abaki katika nyumba ile mpaka muda uishe. Uthman (r.a.) alipokuwa khalifa alimwita Furay'a, akamsikiliza na akahukumu kwa habari yake. Hayo ndiyo wanayoyafuata mafakihi walio wengi, wakiwemo Mashafii.

Hata hivyo Maswahaba hawakuafikiana wote. Ali, Ibn Abbas na Bibi Aisha (r.a.) walionelea kuwa mjane anaweza kukaa eda mahali atakapo. Aisha alilifanyia kazi hilo. Talha alipouawa katika vita vya Ngamia mwaka wa 36 (656), Aisha alimchukua dada yake Umm Kulthum, mjane wa Talha, wakaenda pamoja Makka kwa umra. Na hata Mashafii wanaomtaka abaki nyumbani wamemruhusu kutoka mchana kwa haja yake, na kuhama ikiwa anahofia nafsi yake au mali yake.

Kwa nini mjane asiyeingiliwa ana eda?

Huenda msomaji akasema kuwa eda ni kwa ajili ya kujua kama mwanamke ana mimba, na haya ya huzuni tunayaongeza sisi. Tuangalie kisa cha Barwa' binti Washiq. Mumewe alifariki kabla ya kumwingilia na kabla ya kutajwa mahari. Ibn Masud (r.a.) aliulizwa suala kama hilo, akafikiri sana, kisha akahukumu kuwa mwanamke huyo atapata mahari kama ya wanawake wenziwe, atarithi, na atakaa eda. Akasimama Ma'qil bin Sinan akashuhudia kuwa Mtume (s.a.w.) alihukumu hivyohivyo kwa Barwa'. Ibn Masud akafurahi mno.

Linganisha na aliyetalikiwa kabla ya kuingiliwa. Huyo hana eda kabisa, kama ilivyo katika Suratul Ahzab aya ya 49. Ingekuwa eda ni ya mimba peke yake, wawili hawa wangekuwa sawa. Ndiyo maana wanavyuoni wa Kishafii wanapoifafanua eda hutaja mambo matatu: kujulikana usafi wa kizazi, ibada, na uchungu wa mke kwa kuondokewa na mumewe. Uchungu umo ndani ya ufafanuzi wenyewe wa kifiqhi.

Lakini uchungu huo haukugeuzwa kuwa kifungo. Subay'a wa kabila la Aslam alifiwa na mumewe Sa'd bin Khawla katika Hija ya Kuaga mwaka wa 10 (632), naye ni mjamzito. Akajifungua baada ya muda mfupi, na alipotoka katika nifasi akajipamba kwa wanaotaka kuposa. Abu Sanabil akamwambia kuwa haolewi mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Subay'a hakunyamaza. Alivaa nguo zake jioni ile akaenda kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe, naye akamwambia kuwa eda yake ilikwisha alipojifungua. Baadaye Ibn Abbas alipohitalifiana na wenziwe katika suala hili, walimtuma mtu kwa Umm Salama kuuliza, na ni yeye aliyewapa habari ya Subay'a. Yule aliyesitasita kuolewa ndiye aliyetoa ushahidi wa haki ya mwenzake aliyekuwa tayari upesi. Hakumpima mwenzake kwa moyo wake.

Talaka nayo ina msiba wake

Aliyeachwa huenda akaumia kuliko aliyefiwa, kwani aliyefiwa hakukataliwa na mtu. Suratut Talaq katika aya yake ya kwanza imekataza kumtoa nyumbani mwanamke aliye katika eda ya talaka, na imeeleza kuwa huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya baada ya hapo. Wafasiri wengi wamesema jambo hilo ni kurejeana. Ada yetu ya kumfungasha mke virago usiku uleule aliotamkiwa talaka moja inawanyima wote wawili siku ambazo hasira ingepoa. Na wanapoachana kabisa, Qur'ani imeagiza aliyeachwa apewe mut'a, ambayo tunaweza kuiita kiliwazo. Mtu haliwazwi ila ameumia.

Shangazi... la, ni mama mdogo au mkubwa wa Jabir, yaani ndugu wa mama yake, alitalikiwa akataka kwenda kuvuna tende zake katika eda. Mtu mmoja akamkemea kwa kutoka. Alipofika kwa Mtume (s.a.w.) aliruhusiwa akavune, huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Aliyeachwa alirudishiwa kazi yake, na akakumbushwa kuwa bado ana mkono wa kutoa.

Ndugu nao wana majaribu yao. Ma'qil bin Yasar alimwoza dada yake, mume akamwacha mpaka eda ikaisha, kisha akaja kumposa tena. Ma'qil akakasirika kwa jinsi walivyodharauliwa, akaapa hatamrudisha, ilhali dada yake anamtaka. Ikateremka aya ya 232 ya Suratul Baqara inayowakataza watu kuwazuia wanawake kuolewa na waume zao wakiridhiana kwa wema. Ma'qil akasikia na kutii, akamwoza tena. Hasira ya kaka ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa hoja juu ya moyo wa dada.

Na kinyume chake ni kisa cha Barira na Mughith. Barira alipoachwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe aliyekuwa mtumwa au kuachana naye, akachagua kuachana. Ibn Abbas anasimulia kuwa ni kama anamwona Mughith akimfuata nyuma katika vichochoro vya Madina, analia mpaka machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) alimhurumia, akamsemea kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni uombezi tu. Akasema hana haja naye, na jambo likaishia hapo. Mwanamume alilia hadharani wala hakuambiwa kuwa si mwanamume. Na huruma juu ya machozi yake haikugeuka kuwa shinikizo juu ya Barira.

Mwanamume aliyefiwa

Mwanamume hana eda. Kwa sababu hiyo watu hudhani hana msiba, na jamaa huanza kumtafutia mke kabla matanga hayajaanuliwa. Tumtazame Mtume (s.a.w.). Bibi Khadija (r.a.) alifariki yapata mwaka 619, miaka mitatu kabla ya Hijra, mwaka mmoja na Abu Talib, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Mtume alioa baadaye, na nyumba yake ikajaa watu. Lakini katika mwaka wa 2 Hijria (624), mateka wa Badr walipokombolewa, binti yake Zaynab alipeleka mkufu ili kumkomboa mumewe Abul As. Ulikuwa mkufu wa Khadija, aliompa bintiye siku ya harusi. Mtume alipouona alihuzunika sana, akawaomba Maswahaba kama wataridhia wamwachie mateka na wamrudishie Zaynab mkufu wake.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia pia kuwa Mtume alikuwa akichinja mbuzi akawapelekea nyama marafiki wa Khadija, na kwamba Hala dada wa Khadija alipobisha hodi, Mtume aliikumbuka sauti ya marehemu akatikisika. Aisha hakuficha wivu wake. Hata hivyo ni yeye aliyetupokelea habari hizi. Basi kuoa tena hakukufuta kumbukumbu, na kukumbuka hakukuwa kumdhulumu mke aliyepo.

Hitimisho

Ndugu msomaji, tukivikusanya visa hivi tunaona watu wasiofanana. Umm Salama alisitasita, Subay'a alikuwa tayari, dada wa Ma'qil alitaka kurudi, Barira alikataa kurudi, Mughith alilia, na Mtume (s.a.w.) alibaki akimkumbuka Khadija miaka mingi. Wote walikuwa chini ya Sheria moja, na hakuna aliyelazimishwa awe na moyo wa mwenzake.

Mjane akiwa ndani ya eda, tumhifadhie mpaka wake, wala tusimwongezee kibanda. Tumtembelee, tuongee naye mpaka usingizi umjie, kama walivyofanya wajane wa Uhud. Akitoka eda asiambiwe amechelewa kuolewa wala kuwa amewahi mno. Aliyeachwa asitupiwe virago, asinyimwe kiliwazo chake, na jamaa wasimfungie njia kwa hasira zao. Na mwanamume aliyefiwa au aliyeachwa aulizwe hali yake, kabla ya kuulizwa ataoa lini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.